Mkwe Asiyenuna

Kimara, Dar es Salaam
5 Agosti 2024

Mama yangu Theopista,

Shikamoo mama. Tumsifu Yesu Kristo. Goti linasemaje siku hizi? Ng'ombe alishazaa, au bado anatuzungusha? Mimi huku ni mzima, joto tu ndilo linalotuonea. Najua simu ipo, lakini kwa sikio lako hilo nikikupigia napiga kelele mpaka majirani wa Kimara wanajua siri zote za Uru. Acha tuandikiane kama zamani.

Mama, kaa chini kwanza. Umekaa? Kesho kutwa kuna boksi linakuja na basi. Nimeshamwambia Sirili fundi umeme akalichukue stendi Moshi. Usilifungue kwa panga! Ndani kuna roboti ya kusafisha sakafu.

Hapa hotelini wameleta nne. Ni kitu cha duara, ukubwa wa ungo mdogo, kina magurudumu, kinafyonza vumbi halafu kinapiga deki chenyewe. Siku ya kwanza nilisimama koridoni nimeshika kiuno. Nikasema, hiki ndicho kije kunifundisha deki mimi, Hilda, niliyeanza na ndoo na tambara hapa hapa mpaka leo nawasimamia wasichana kumi na wawili? Kikaingia chini ya kitanda, kikatoka na vumbi ambalo wasichana wangu wamelirukaruka tangu Pasaka. Mama, nilipiga vigelegele peke yangu, wageni wakatoa vichwa milangoni.

Nikasema hiki lazima mama yangu akipate. Vyumba vitano na sebule, kwa goti lile? Haiwezekani.

Na usianze kuniuliza habari za Krismasi. Unajua Theodory alisema nini siku ya kumaliza msiba wa baba, ukoo wote umekaa uani: mtoto wa kike hana kihamba, hana haki kwenye shamba la ukoo, nichukue vigae vyangu niondoke. Mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni! Nyumba ile nimeijenga mimi, baba mwenyewe alinionyesha kiwanja kwa kidole chake, kila kigae nimekichagua mimi. Nilisema sitavikanyaga tena, na huu ni mwaka wa tatu. Lakini sikusema wewe uumie kwa kuvisafisha.

Sirili ataiunganisha na kile kisanduku cha intaneti alichokufungia. Wewe kazi yako ni kukaa na kuangalia.

Ni mimi mwanao,
Hilda


Uru
19 Agosti 2024

Mwanangu Hilda,

Marahaba mama, marahaba sana, na milele amina. Goti lipo, linaniambia mvua kabla ya redio. Ng'ombe kazaa jike! Maziwa tunakunywa mpaka paka amechoka.

Sasa nisikilize. Boksi lilifika, na panga sikulishika. Sirili alinikuta nimeinama, nafagia. Nilifagia nyumba nzima, nikapiga deki vyumba vyote, nikapangusa mpaka nyuma ya kabati. Akaniuliza, "Mama, si mashine ndiyo inakuja kufanya hiyo kazi?" Nikamwambia, wewe Sirili, mgeni anaingia nyumbani kwangu mara ya kwanza akute uchafu? Uso wangu niuweke wapi? Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Basi akaiwasha. Ruwa, Mungu wangu! Ikalia, ikawaka taa, ikasema maneno ya Kiingereza kwa sauti ya msichana mwenye adabu. Mimi nikaishukuru kwa Kichaga, "Aika mbe." Ikatembea nyumba nzima inatafuta vumbi, haioni, ikarudi kwenye kituo chake kama imenuna. Nikaionea huruma. Nikachukua majivu kiganjani, nikamwaga sebuleni ili na yenyewe isijione haina maana. Ikayala yote!

Elisifa jirani alikuja kuomba chumvi, hajaondoka mpaka jua linazama. Alisema, "Theopista, mkwe wangu mimi akipiga deki sebule moja ananuna siku mbili. Huyu wako hali, hasemi vibaya, hanuni, na hakimbilii kwao." Basi jina likapatikana. Sasa kijiji kizima kinamwita Mkwe. Wananiuliza njiani, "Mkwe ameamkaje?" Nami najibu, "Ameamka vizuri, yuko kazini."

Jogoo ndiye hakumkubali. Alimrukia mgongoni akazungushwa sebule nzima amesimama juu yake, anawika. Sijacheka hivyo tangu baba yako atutoke.

Mashine imefika. Aliyeituma anafika lini? Sijauliza, nimeandika tu.

Mama yako


Kimara
1 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Hongera kwa ndama! Mimi mzima, mbavu ndizo zinauma kwa kicheko. Barua yako nimewasomea wasichana kazini, jogoo tumemrudiarudia mara tatu. Lakini mama, usimwagie majivu, utaua mashine! Na acha kufagia kabla haijaanza. Mwache Mkwe ale uchafu, ndiyo chakula chake.

Sasa nikwambie kitu ambacho hukijui. Ile mashine ikitembea inachora. Inachora ramani ya nyumba, na ramani inakuja kwenye simu yangu. Juzi nilikuwa nakunywa chai saa nne, nikafungua, nikaona sebule. Nikaona koridoni. Nikaona chumba chako, na miguu minne ya kitanda chako kama nukta nne. Halafu ikaingia chumba changu, mama, ikaenda mpaka dirishani, ikageuka, ikarudi taratibu.

Chai ilipoa. Sikujua kwamba mtu anaweza kuitamani sakafu. Nimeikumbuka nyumba yangu mama, nisikufiche. Nilitazama ile ramani kama picha ya mtoto aliyeko mbali.

Nimeipanga iamke kila siku saa nne, wakati wewe uko zizini. Ikikwama mahali popote napata ujumbe huku huku. Kwa hiyo usinifiche chochote, nina macho Uru!

Mwanao mwenye macho,
Hilda


Uru
23 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, na goti limepumzika mpaka linashangaa. Jana Elisifa aliniona napanda kilima na kikapu akasema nimerudi usichana. Nimempa sifa zote Mkwe.

Jumamosi jumuiya ilisali hapa. Nilisahau ile saa nne yako! Tuko kwenye tendo la tatu la rozari, kimya, macho tumefumba, mara mlio, na yule msichana wake wa Kiingereza akaanza kusema. Mkwe akatoka chini ya kabati, akapita katikati ya watu waliopiga magoti. Kinamama wakapanda kwenye viti. Baba yako mkubwa Hosea, mkuu wa ukoo mzima, aliinua miguu yote miwili juu, akaishikilia hivyo hivyo mpaka mashine ikapita, na rozari hakuikatiza. Baadaye akasema, "Huyu anafanya kazi kuliko wajukuu wangu tisa." Wajukuu walikuwepo, wakanuna kweli kweli.

Halafu akauliza, "Na Hilda haji?" Watu wote wakageuka wakanitazama. Nilisema nitakuandikia. Basi nimekuandikia.

Habari nyingine hapa hakuna. Kahawa inaiva.

Mama yako


Kimara
21 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Mimi sijambo, ila nina jambo.

Jumapili nne mfululizo napata ujumbe saa nne na dakika kumi na tano: brashi imenasa. Siku za kazi haisemi kitu. Jumapili tu. Na kila mara ni mahali pale pale, nimeangalia ramani, ni mlangoni mwa chumba changu. Baada ya nusu saa naona umeitoa, inaendelea.

Kuna nini mlangoni kwangu siku ya Jumapili? Kama ni zulia liondoe. Kama ni panya niambie nitume sumu.

Mwanao,
Hilda


Uru
4 Novemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Wote wazima, mvua imeanza, matope mpaka magotini. Usihangaike na mlango. Ni majani tu, huwa yanaingia na upepo. Nayatoa mwenyewe kwa mkasi. Nakutumia mkungu wa mshare na maharage kidogo.

Mama yako


Kimara
12 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Ndizi nimepata, asante sana, zimeniliza kwa harufu ya nyumbani.

Sasa mama, mimi nimesafisha sakafu miaka kumi na tisa. Upepo gani huo unaovuma Jumapili tu, unapita sebuleni hauachi kitu, unakwenda kuweka jani moja mlangoni kwa Hilda? Nani yuko hapo nyumbani? Niambie ukweli, la sivyo nampigia baba mkubwa Hosea, na yule hawezi kuficha hata bei ya mbuzi.

Hilda


Uru
24 Novemba 2024

Mwanangu Hilda,

Umeshinda. Nisome mpaka mwisho kabla hujarusha karatasi.

Theodory amerudi. Alikuja mwezi wa tisa kutoka Tarakea, alikokuwa anauza maharage mpakani, akaja amekonda na begi moja. Hakuingia ndani. Anakaa kwenye ile nyumba ya zamani ya udongo karibu na zizi, alipozaliwa. Nilimwambia vyumba viko vitano, akasema, "Vigae si vyangu mama, nimesema hivyo mwenyewe mbele ya watu." Anakata majani ya ng'ombe, anakamua, jioni tunakula wote nje kibarazani, halafu anarudi kule kule.

Nilimwambia akupigie. Akaniambia ulishamfungia simu zote. Basi kila Jumapili kabla ya misa ya kwanza anavua viatu, ananawa miguu, anaingia nyumba hii mara hiyo moja tu. Anakwenda mpaka mlangoni kwako, anapiga magoti, anaweka jani la sale. Analikata pale kwenye kaburi la baba yako. Halafu anatoka.

Wewe ni Mchaga, sina haja ya kukufundisha. Mtu akikuletea sale anaomba msamaha, na sale halikataliwi hata na aliyeuliwa ndugu. Sasa wewe hupo, na saa nne Mkwe anaamka, analikuta pale, analimeza! Jani refu vile, gumu, linajizungusha kwenye brashi mpaka anapiga kelele. Jumapili ya kwanza nilikaa sakafuni na mkasi, nalikata, nacheka na kulia kwa pamoja.

Na sasa nikuambie dhambi yangu. Ningeweza kumwambia Theodory aliweke juu ya stuli. Sikumwambia. Uliponiandikia kwamba mashine ikikwama unapata habari, nikasema, haya, Mkwe, mimi mdomo umenishinda, msemee wewe. Ulipouliza nikaogopa, nikaandika habari za upepo. Nisamehe. Nina watoto wawili tu, na miaka mitatu nimekula Krismasi na jogoo.

Njoo mwanangu.

Mama yako


Kimara
1 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho, na karatasi nimeirusha, halafu nimeiokota.

Wewe nimekusamehe kabla sijamaliza kusoma. Hivi wewe ni wa kutuma mashine ikusemee? Nimecheka kwa hasira!

Lakini yeye bado. Alinifukuza mbele ya ukoo, baba zangu wamekaa, majirani wamesimama kwenye migomba wanasikia. Hakuninong'oneza mlangoni. Sasa anaomba msamaha asubuhi peke yake, mbele ya mlango mtupu, aone nani? Neno lililosemwa mbele ya watu lifutwe mbele ya watu. Wao wote waliosikia, pale pale uani. Akifanya hivyo nitafikiri. Asipofanya, aache kuharibu brashi yangu.

Hilda


Uru
9 Desemba 2024

Mwanangu Hilda,

Marahaba mama! Naandika mbio, usijali mwandiko.

Amefanya! Nilimsomea barua yako neno kwa neno, mpaka ile ya brashi. Hakubisha. Alikwenda kwa Hosea siku ile ile na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, akaomba ukoo uitwe. Jana Jumapili baada ya misa walikuja wote, na majirani wakasimama kwenye migomba bila kualikwa, si unawajua. Elisifa alileta na kigoda chake.

Theodory alisimama pale pale aliposimama siku ile. Hana viatu. Nilidhani atasema kwa sauti ndogo, lakini alisema mpaka wa barabarani walisimama. Alisema, "Nilimfukuza dada yangu kwenye nyumba aliyoijenga, na baba yangu hajakauka kaburini. Nilisema mtoto wa kike hana kihamba. Kiwanja hiki baba alimpa Hilda, mimi nilikuwepo, niliona, na nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na wivu. Vigae ni vyake, na ardhi iliyo chini ya vigae ni yake. Nilisema uongo mbele yenu, na mbele yenu naufuta."

Hosea alimwacha amesimama muda mrefu. Halafu akauliza wazee mmoja mmoja, "Umesikia?" Kila mmoja akajibu amesikia. Akasema, "Basi na Hilda atasikia. Sisi wote tulikuwa tumekaa siku ile, hakuna aliyemkanya. Mwambieni na mimi naomba radhi." Hosea, Hilda! Mimi sijawahi kumsikia mzee yule akiomba radhi kwa mtu, hata kwa mke wake.

Theodory akakata sale mbele yao, wakaingia wote ndani wamevua viatu, mstari mzima, akaliweka mlangoni kwako. Bahati umeme ulikuwa umekatika, Mkwe kituo chake kilikuwa hakijamchaji. Lakini jana usiku umeme ulirudi, na leo saa nne amelimeza. Jumapili ataweka jingine, na linalofuata, ndivyo alivyosema.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako


Uru
22 Desemba 2024, Jumapili mchana

Hilda, mwanangu Hilda,

Salamu zitakuja, ngoja kwanza nipumue.

Wiki mbili hujaandika. Kila basi nilimtuma Sirili stendi, anarudi mikono mitupu, anaogopa hata kunitazama. Jumapili iliyopita Mkwe alimeza sale kama kawaida. Nikasema, basi, mwanangu amekataa, na mtoto akikataa humpigi fimbo akiwa Dar es Salaam.

Leo Theodory ameweka jani asubuhi, akaenda misa. Mimi nilisali ya kwanza, nikarudi, nikachukua stuli na mkasi, nikakaa karibu na mlango wako nikimsubiri Mkwe. Saa nne ikafika. Kimya. Saa nne na nusu. Kimya. Nikaangalia umeme, upo, taa inawaka. Nikamgusa mgongoni, nikamwambia, amka mama, leo unaumwa? Kimya. Nikamwita Sirili mbio.

Sirili akafungua kwenye simu yake. Akatazama, akatazama tena, akaanza kutabasamu, nikataka kumpiga na stuli. Akasema, "Mama, mashine ni nzima. Imezuiwa kutoka Dar es Salaam. Jumatatu ipo, Jumanne ipo, siku zote zipo. Jumapili tu ndiyo imefutwa."

Hilda! Umemwambia Mkwe asilile!

Nilipiga vigelegele, Elisifa akaja anakimbia akidhani nimeanguka. Tukacheza mimi na yeye hapo koridoni, na hili goti, pembeni ya sale ili tusilikanyage. Liko pale pale mpaka sasa, la kijani, zima, hakuna aliyeligusa. Nimemwambia jogoo akisogea nitamchinja leo badala ya Jumatano ya Krismasi. Theodory alirudi kutoka misa akatukuta. Alipolitazama lile jani sakafuni alikaa kwenye ngazi na kufunika uso kwa kofia. Sasa hivi yuko kwenye migomba anakata ndizi za kiburu, nyingi mno, kama tunalisha seminari nzima.

Kitanda chako nimetandika. Shuka ni zile za maua. Nimefungua dirisha.

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, wote wazima, na mimi ni mzima kuliko wote. Nampa Sirili barua hii aipeleke stendi kesho alfajiri, kwa sababu mkono umezoea kukuandikia na furaha hainiachi nikae. Lakini naomba Mungu ifike Kimara ikute mlango umefungwa, jirani amwambie aliyeileta kwamba mwenye nyumba amesafiri, amekwenda kwao.

Mama yako